Kitabu Tulichokigawana Kama Nyama

Siku mliyoniaga pale karakana ya Nyasubi, Kahama, mlinivisha mgolole, mkanilisha keki kama mtoto wa ubatizo, kisha mkasema, "Mzee Shija, tuandikie uliyojifunza." Nikakubali kwa kichwa kwa sababu keki ilikuwa mdomoni. Sasa niko nyumbani, mke wangu amenichoka kabla hata wiki haijaisha, na nimeona heri niandike kuliko kuulizwa kila mara kwa nini nimekaa mahali pa watu kupita.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alinipita. Mambo hayo hayajawahi kufungua nati. Nitaandika juu ya vitabu vya ufundi vya yale matrekta madogo ya zamani, yale ya bustani, kwa sababu nusu ya maisha yangu ya kazi nimekuwa chini ya matrekta hayo, na nusu nyingine nimekuwa nikimtafuta mwenye kitabu cha kunieleza niko chini ya kitu gani. Mkiona nimekasirika humu, msidhani ni uzee. Nilikuwa hivi hivi nikiwa kijana, waulizeni walionijua.

Kwa mgeni asiyeyajua: ni matrekta madogo kiasi kwamba ukikaa juu yake magoti yanakaribia kidevu. Yaliletwa zamani na misheni na watu wa migodini, ya kukatia nyasi na kuvuta vitela vya mbolea ya maua. Walioyaleta walipoondoka yalipigwa mnada, na wakulima wetu wakayanunua. Msukuma hana haja na mashine ya kukata nyasi, ng'ombe wake wanakata bure na wanaacha mbolea. Lakini aliona kwamba trekta lile linapita katikati ya mistari ya pamba bila kukanyaga kitu, basi akalifungia plau, akalifungia tela la maji, akalipeleka kwenye udongo mweusi wa mbugani ambao hata maksai wanauogopa. Halafu likivunjika anakuja kwako, anakuuliza kwa mshangao, "Fundi, hivi hili trekta lina shida gani?"

Nilianza kazi Shinyanga mjini, kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Palikuwa na matrekta madogo ya aina hii, yakivuta marobota ndani ya uzio. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Magembe, mtu aliyemfokea kila mmoja kwa sababu mashine za pamba zilikuwa zimekula masikio yake, naye alidhani zimekula na ya kwetu. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli niliyoshonewa na mama yangu, nikitegemea kupewa spana. Mzee Magembe akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Unajua kusoma?"

"Ndiyo, mzee."

"Kiingereza je?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha. Kaa pale."

Pale palikuwa ni pipa la oili lililopinduliwa, na juu yake kitabu kinene chenye jalada la turubai, kimejaa alama za vidole vya watu waliokufa kabla sijazaliwa. Kazi yangu kwa msimu mzima ikawa kusoma. Mimi nilisoma kwa Kiingereza nikiwa nimekaa kwenye pipa. Masele, kijana tuliyeanza naye kazi pamoja, alisimama kando ya trekta akiyageuza maneno yangu kuwa Kiswahili. Mzee Magembe, akiwa chini kabisa, aliuliza maswali kwa Kisukuma, na swali likarudi njia ile ile hadi kwangu. Nati haikuzunguka kabla maelezo yake hayajapita lugha tatu. Wageni waliopita walitucheka. Lakini mpaka naondoka pale sikuona hata siku moja trekta linafungwa halafu bolti inabaki sakafuni, jambo ambalo ninyi, na simu zenu nzuri, mnalifanya kila mwezi na kuliita "ziada".

Mzee Magembe ndiye aliyenifundisha kwamba vitabu vya trekta ni vitatu, na atakayevichanganya atalia. Cha kwanza ni kitabu cha dereva. Hiki kinakwambia weka mafuta, angalia upepo wa matairi, usimpakie mtoto. Cha pili ni kitabu cha vipuri, chenye picha za kila kitu kikiwa kimetawanyika hewani na namba pembeni. Cha tatu ndicho kitabu cha fundi, kinachosema kaza kiasi gani, acha nafasi kiasi gani, anza na kipi. Mkulima akiambiwa alete kitabu ataleta cha dereva, siku zote, kikiwa kimefungwa kwenye nailoni na kutunzwa pamoja na cheti cha ndoa. Nimeletewa vitabu vya dereva vingi mno. Najua kwa lugha nyingi kwamba mtoto asipakiwe.

Cha vipuri msikidharau. Zile picha zilizotawanyika zinakuonyesha kipi kinakaa mbele ya kipi, na mara nyingi zimeniokoa. Ila hazisemi nafasi wala kipimo, na giaboksi ni kipimo tupu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula, naacha kula. Kiwanda kilifunga karakana. Mzee Magembe alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, maana yeye asingekubali upuuzi ule. Tajiri akasema vitu vidogo tugawane wenyewe. Spana zikagawanywa, jeki zikagawanywa, kikabaki kitabu cha fundi, kimoja tu. Kila mtu alikitaka. Kama wangempigia kura mmoja, kama wangekiacha kanisani, kama wangekizika na Mzee Magembe, yote hayo yangekuwa na akili zaidi ya walichokifanya. Wenzangu wakakaa chini wakafanya kama inavyofanywa kwetu ng'ombe akichinjwa: kila mtu na fungu lake, asionewe yeyote. Wakachukua wembe wa kukatia gasketi, wakakikata.

Injini ikaenda kwa mmoja, umeme kwa mwingine, breki na usukani kwa wa tatu. Masele akapata giaboksi, ambayo ni paja la ng'ombe. Mimi nilikuwa Maswa kumzika mama mkwe. Niliporudi wakanikabidhi fungu langu kwa heshima kabisa: kurasa za mwanzo zenye yaliyomo, na kurasa za mwisho zenye faharasa. Kwato na mkia. Nilikuwa na uwezo wa kukwambia kila jambo la trekta lile liko ukurasa gani, na sikuwa na hata ukurasa mmoja wenye jambo lolote.

"Tumegawa kwa haki," Masele aliniambia.

Na kweli ilikuwa haki. Hakuna aliyeonewa, na hakuna aliyeweza kutengeneza trekta.

Miaka iliyofuata nilihamia Kahama, na kazi ikawa nusu ufundi, nusu upelelezi. Wa breki aliokoka akawa mhubiri, nikampata baada ya kuhudhuria ibada ambayo hata Mungu nadhani aliiona ndefu. Wa injini alifuata dhahabu Geita, kurasa zake nilizikuta zikiwa zimebandikwa ukutani kuzuia vumbi. Alikubali nizisome nikiwa nimesimama, wageni wake wakinizunguka. Mtu wa umeme alihamia mbali, na tangu hapo nyaya naziunga kwa sala.

Halafu zikaja simu, na ninyi mkaja nazo. "Mzee, ingia mtandaoni, kila kitu kipo." Kipo! Nimeingia. Nimekuta kitabu ninachokitaka, kimefunguliwa kurasa za mwanzo ili nione kwamba ndicho, na ukurasa wa giaboksi umefunikwa mpaka uwe na kadi ya benki ya aina ambayo benki yangu haijawahi kuisikia. Nimeangalia video ya babu mmoja wa kizungu aliyevaa sweta, ndani ya banda safi kuliko hospitali, anazungumza muda wote wa ugali kuiva juu ya namna alivyompata mbwa wake, kisha anasema giaboksi tutaitazama siku nyingine. Kwenye lile kundi letu la mafundi niliomba kitabu, nikatumiwa tangazo la kuuzia trekta, lenye picha ya mwanamke anacheka juu ya nyasi. Mkaweka na kidole gumba chini yake, eti nimesaidiwa.

Hapa niwape la kushika, ili msiseme mzee alilalamika tu. Usitafute kitabu kwa rangi ya trekta. Rangi hapa kwetu hupakwa siku moja kabla ya mnada. Inama chini ya kiti, kwangua grisi, utakuta kibati chenye namba. Hilo ndilo jina lake la ubatizo. Ukipata kitabu, kabla hujashukuru, fungua giaboksi kwenye kitabu utazame kama mchoro unafanana na chuma kilicho mbele yako. Kikifanana nusu, kirudishe. Kitabu cha ndugu yake trekta kinaua trekta kuliko kukosa kitabu kabisa.

Kazi yangu ngumu ya mwisho ilikuwa Segese, mvua zilizopita zilipokaribia. Mama Kulwa ni mjane. Marehemu mumewe, Nkwabi, mimi na Masele tulifahamiana naye tangu kiwandani, alikuwa dereva wa moja ya yale matrekta ya marobota, na alikuja kununua la aina hiyo kwenye mnada wa kambi moja ya mgodi. Alilima nalo shamba lake na mashamba ya majirani. Alipofariki, Mama Kulwa akapanda mwenyewe juu yake, magoti kidevuni, akalima. Watu walisema sana. Baadaye wakaja kupanga foleni awalimie.

Kisha giaboksi ikaanza kulia na gia kuchomoka zenyewe. Fundi mmoja wa pale senta akaifungua, akamwaga kila kitu ndani ya kopo la rangi, akaenda kwenye harusi, akarudi akajikuta hajui aanzie wapi. Akamwambia Mama Kulwa limekufa. Hapo ndipo nilipoitwa, nikiwa nimebakiza wiki chache tu kustaafu.

Nilipofika alinikaribisha kiti, lakini yeye hakukaa.

"Shikamoo, Fundi Shija."

"Marahaba, Mama Kulwa. Habari za hapa?"

"Si nzuri. Shemeji yako Maganga amepata mtu wa karasha."

Maganga ni mdogo wake marehemu. Karasha, kama hujakaa na wachimbaji, ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na injini yoyote ya zamani yenye nguvu huishia huko, ikizunguka mahali pamoja, ikila vumbi mpaka ife. Ukoo ulikuwa umekaa. Ulikuwa umeamua kwamba kama trekta halitatembea kabla ya mvua ya kupandia, injini ing'olewe iuzwe.

"Na mimi nitalima na nini?" akaniuliza Mama Kulwa, kana kwamba mimi ndiye niliyekaa kikao. "Ng'ombe waliuzwa kumtibu baba wa watoto. Kimebaki hiki tu. Wakiking'oa hiki, hata hapa nyumbani nitakuwa mgeni."

Nikatazama ndani ya kopo. Beringi zilikuwa zimekwisha, hizo nilizipima na kuzipata Mwanza. Gia moja ilikuwa imekatika meno, mchonga vyuma wa Kahama akaichonga upya. Shida ilikuwa vibati. Ndani ya giaboksi ile kuna vibati vyembamba kama wembe, vya unene tofauti, vinavyoamua kila shafti ikae wapi. Ukizidisha, beringi inaungua. Ukipunguza, gia inachomoka. Vyote vilikuwa chini ya kopo, vimechanganyika, vimeshikana na rangi ya kijani. Nikachukua faharasa yangu, nikaona: giaboksi, kupanga vibati, na ukurasa wake. Nilitamani kuitafuna.

Basi nikamfuata Masele. Alikuwa na karakana yake Geita, karibu na mwalo wa kuchenjulia dhahabu, anaunda hayo hayo makarasha. Nilimkuta amekaa chini ya bati, mfuko wa ngozi uko kwapani. Kurasa zilikuwa humo. Alikuwa hatembei bila mfuko ule, kama padri na mafuta ya wagonjwa.

"Mwadila, Masele," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Shija. Mhola?"

"Mhola duhu. Nimefuata giaboksi."

"Ilete. Nitaifunga hapa hapa."

"Ganda lake limo kwenye trekta, na trekta liko Segese. Nipe nikatoe nakala tu, nakurudishia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nikikupa nakala wewe, utampa nani? Utampa kila mtu, nakujua. Halafu watu watakuja kwangu kufanya nini? Kunisalimia?"

"Masele, tuna miaka mingapi ya kuishi, wewe na mimi?"

"Ndiyo maana nazishika vizuri."

Nikarudi Kahama nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilishuka kituo kabla ya changu nikatembea, ili nisimtukane mtu. Na sitaki kudanganya kwamba sikumwelewa. Fundi aliyezeeka hana pensheni ya akili. Anachokijua yeye peke yake ndicho kinachowafanya vijana wamwamkie. Nilimwelewa, na bado nilitaka kumnyang'anya ule mfuko.

Nilimweleza Mama Kulwa kwa simu. Akaniomba namba ya Masele. Sikuwepo walipoongea, ila alinisimulia. Alimwamkia, akamuuliza habari za watoto, kisha akasema, "Shemeji, Nkwabi alipofariki tulikutazamia. Hatukukuona." Basi. Hakutaja trekta, hakutaja giaboksi. Ninyi wa mjini mnatuma salamu za pole kwa simu na mnalala. Kwa mtu wa rika letu, kutofika msibani kwa rafiki ni deni linalokutazama usoni kila ukikutana na watu wake. Masele alifika Segese mwisho wa wiki ile ile, amevaa koti, mkono mmoja una mfuko wa sukari ya rambirambi, kwapa lina mfuko wa ngozi.

Akatoa pole. Akakaa. Akalitazama trekta, nami nikalitazama, na vibati nilikuwa nimeshavisafisha na kuvipanga juu ya gunia. Maganga alikuwepo pia, na pikipiki yake, amekuja kupima injini kwa ajili ya yule mtu wake.

"Nitasoma mimi," Masele akasema. "Wewe ufunge. Usiguse karatasi."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, wazee wawili wazima. Alisoma akiwa ameukinga ukurasa kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa mtihani. Nilimwuliza unene wa kibati cha kwanza, akanitajia. Nilimwuliza kama ni kwa shafti ya juu au ya chini, akaniambia nisimharakishe. Tukagombana juu ya kila beringi. Akaniambia mikono yangu imekuwa mizito, nikamwambia macho yake yamekuwa mafupi, na yote yalikuwa kweli. Mara moja nilikaza kabla hajamaliza sentensi, ikabidi nifungue upya, na aliisoma sentensi ile mara mbili kwa sauti, pole pole, kwa furaha ambayo sikuipenda.

Lakini tulifunga. Shafti ikazunguka kwa vidole viwili, laini. Mama Kulwa akapanda, akawasha, akatia gia, trekta likaondoka. Akalizungusha nyuma ya nyumba, akashusha plau, akachana mstari mrefu wa udongo, gia isitoke hata mara moja. Masele alisimama ameshika kofia. Mimi nilifurahi, na naisema hivyo hivyo: nilifurahi mpaka goti likaacha kuniuma.

Maganga hakutikisika. Alisubiri shemeji yake azime injini, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

"Shemeji, limetembea, nimeona. Hongereni wazee. Lakini mwakani likichomoka gia, nani atalifunga? Fundi Shija anastaafu. Mzee Masele anaishi Geita na sukari inamsumbua. Hawa wakiondoka, hili ni chuma tu. Afadhali liuzwe leo lina sauti."

Nilitazama ule mfuko kwapani mwa Masele, naye akaubana zaidi. Mama Kulwa alitutazama mmoja baada ya mwingine, mafundi wawili tuliozeeka tukinyimana karatasi, kisha akasema tuingie tule.

Alikuwa amechinja jogoo. Binti yake, Doto, akaleta maji ya kunawa. Sasa jamani, mtu hanawi akiwa amebana mfuko kwapani, na hali ugali kwa mkono mmoja huku mwingine umekumbatia ngozi mbele ya mwenyeji aliyefiwa. Masele alisitasita. Akauweka mfuko juu ya kigoda, kando yake kabisa.

"Nakuwekea mahali pasafi, shemeji," akasema Mama Kulwa, "kuku wasije wakadonoa."

Akauchukua. Tukala. Tulipofika kwenye paja la jogoo tukasikia bodaboda ikiondoka nje.

"Mama yako yuko wapi?" Masele akamwuliza Doto.

"Ameenda senta, babu, steshenari. Amesema mle vizuri."

Masele akanyanyuka nusu, mkono umejaa mchuzi. Akakumbuka yuko wapi, na kwamba bakuli bado halijaisha, na kwamba mwenye msiba ndiye aliyelipika. Akakaa tena. Akala kwa hasira mpaka mifupa ikamkoma. Mimi niliendelea kula kwa adabu, ingawa ndani nilikuwa nacheka.

Mama Kulwa alirudi mawingu yakiwa yamekusanyika. Alipiga magoti mbele ya Masele, akampa mfuko wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shemeji. Karatasi zako ni hizi, haikupungua hata moja. Ukitaka kunitukana, nitukane. Lakini ninyi mtakufa, na mimi nitaendelea kulima."

Kisha akaziweka nakala zake juu ya jamvi, mbele ya Maganga, azione. "Fundi yeyote atakayekuja atazikuta hapa," akamwambia. "Basi tena habari ya karasha."

Masele hakutukana. Alizipitia karatasi zake moja moja, akazirudisha mfukoni, akafunga. Halafu akavuta zile nakala. Akageuza ya kwanza. Akageuza ya pili.

"Shemeji, huku nyuma mbona kweupe?"

"Nyuma wapi?"

"Karatasi ya kitabu ina pande mbili. Wamekutolea mbele tu." Akazirudisha juu ya jamvi taratibu. "Hapa una nusu ya giaboksi. Ukifuata hizi utafungua, kufunga hutaweza."

Mama Kulwa akakaa chini pale pale. Siku nzima hakuwa ametoa chozi, sasa likamtoka. Maganga akatazama pembeni, na sifa yake nimpe, hakucheka. Mimi nilikuwa namtazama Masele. Angeweza kunyamaza. Angepokea mfuko wake, akaaga, akapanda gari la Geita, nasi tusingejua lolote mpaka siku giaboksi inafunguliwa tena, na siku hiyo wangemfuata yeye. Ndicho alichokuwa akikitaka miaka yote.

Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Ninyi watu mnachosha," akasema. "Maganga, pikipiki yako ina mafuta? Nipeleke huko senta kabla ya mvua. Huyo kijana wa mashine ya nakala nitamsimamia mwenyewe, mbele na nyuma."

Maganga akamtazama shemeji yake, akalitazama trekta. Kisha akaenda kuwasha pikipiki.